Nyota ya Mabua ya Ngano

Kila Desemba, katika sebule nyingi za Eldoret, husimama tawi la saiprasi ndani ya ndoo ya rangi iliyojazwa mawe na udongo. Halikutoka msituni wala dukani. Limekatwa uani, kwa maana ua wa saiprasi ndio mpaka wa kawaida baina ya majirani wa kaunti hii ya Uasin Gishu, nao ua haudhuriki kwa kupogolewa. Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku ukataji wa miti misituni kuanzia Februari 2018 hadi Julai 2023, wenye viwanda vya mbao walilia, lakini Krismasi haikukosa mti. Watoto walijua panga liko wapi na ua uko wapi. Ndoo huvishwa leso ya mama, au karatasi ya zawadi ya mwaka uliopita, ili jina la kampuni ya rangi lisionekane. Siku za mwanzo tawi hunukia utomvu, na mtu aliyekulia huku akiinusa harufu hiyo popote alipo duniani huanza kuhesabu siku zilizobaki kabla ya nauli za basi kupanda. Kisha kazi yenyewe huanza, kwa sababu tawi liko uchi na shule zimefungwa.

Kitu cha kwanza kupanda juu yake huwa ni mnyororo wa karatasi. Daftari la hesabu lililojaa hukatwa vipande vyembamba. Kila kipande hukunjwa duara, kikapitishwa ndani ya mwenzake na kugandishwa kwa gundi ya nyumbani, yaani uji mzito wa unga wa ngano uliopikwa kwenye kisufuria na kuachwa upoe. Mtoto mwenye rangi hupaka rangi. Asiyekuwa nazo huacha karatasi ilivyo, na hapo ndipo mnyororo unapopendeza zaidi, maana anayeukaribia huona wino mwekundu wa mwalimu umetapakaa juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho: vema, vema, kosa, vema, na mahali fulani amri ya kurudia swali la saba. Mwaka mzima wa shule unaning'inia pale, na hata makosa yamepata kazi ya kupamba.

Mtoto huyo hana habari kwamba anarudia jambo kongwe kuliko duka lolote la mapambo. Miongoni mwa maelezo ya mwanzo kabisa ya mti wa Krismasi uliopambwa ndani ya nyumba ni yale ya mwaka 1605, kutoka Strasbourg, mji ulio mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani. Mwandishi wake anasimulia miti iliyosimikwa sebuleni ikiwa imetundikwa waridi zilizokatwa kwa karatasi za rangi nyingi, matofaa, kaki nyembamba, sukari na vipande vya karatasi ya dhahabu. Hakuna kioo. Hakuna taa. Ni karatasi na chakula, vitu ambavyo mkasi na jiko la nyumba ya kawaida vinavimudu. Tofaa nalo lilikuwa na sababu ya kuwapo: tarehe 24 Desemba ilikuwa sikukuu ya Adamu na Hawa, na mti wa michezo ya kuigiza ya siku hiyo ulikuwa mti wa bustani ya Edeni wenye matunda yake mekundu.

Ile tufe ya kung'aa ambayo leo huonekana ndiyo pambo halisi ilikuja baadaye sana. Katikati ya karne ya 19, mafundi wa kioo wa kijiji cha Lauscha, huko Thuringia nchini Ujerumani, walianza kupuliza tufe na matunda ya kioo kwa ajili ya mti. Husimuliwa kuwa aliyeanza alikuwa fundi maskini asiyeweza kununua matofaa ya kweli. Iwe ni kisa cha kweli au cha kutiwa chumvi, kinaeleza vizuri kitu chenyewe kilivyo. Mnamo miaka ya 1880 F. W. Woolworth akayapeleka mapambo hayo kwenye maduka yake ya Marekani, wanunuzi wakayagombea. Kisha kioo kikawa plastiki, na leo sehemu kubwa ya mapambo ya Krismasi ya dunia hutoka katika viwanda vya mji wa Yiwu, China, hadi kufika kwenye meza za wachuuzi wa Uganda Road na Oloo Street. Kwa hiyo tufe nyekundu inayouzwa Eldoret ni nakala ya plastiki ya nakala ya kioo ya tofaa la shambani. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na hii ndani yake hata kipande cha mti hakimo.

Si kwamba kununua ni dhambi. Mzazi anayetoka kazini saa moja jioni, watoto watatu wakimsubiri, ana haki ya kubeba pakiti ya mapambo yaliyokwisha kutengenezwa na kulala usingizi wake. Kinachoshangaza ni ile aibu ndogo inayoambatana na pambo la mkono, kana kwamba ni la kukosa pesa, kivuli cha lile la dukani, wakati ukoo wa mambo unaonyesha kinyume: la dukani ndilo kivuli, na shamba ndilo lililotangulia.

Na kama kuna mji wenye shamba karibu, ni huu. Uasin Gishu ni nchi ya ngano na mahindi. Ngano huvunwa kati ya Oktoba na Desemba, kombaini zikipita kwenye miteremko kama meli zilizopoteza bahari, na nyuma yake hubaki mabua ya rangi ya dhahabu yatakayofungwa marobota ya kulisha ng'ombe. Huko Uswidi, mabua kama hayo ndiyo malighafi ya heshima ya Krismasi: hufumwa nyota, malaika, na mbuzi dume mwenye pembe zilizopinda. Mji wa Gävle umekuwa ukisimamisha mbuzi mkubwa wa mabua uwanjani tangu 1966, na mara nyingi wahuni humtia moto kabla sikukuu haijafika, hata kuungua kwake kumekuwa sehemu ya mila. Waswidi huyapa mabua yao uzito wa namna hiyo. Eldoret huyapa ng'ombe, jambo ambalo pia lina hekima yake, lakini mtoto akichomoa konzi mbili tu kutoka kwenye robota hakuna ng'ombe atakayelala njaa.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Bua hukatwa baina ya fundo na fundo ili upatikane mrija usio na mkunjo. Huloweshwa kwenye maji ya vuguvugu kwa nusu saa hivi, maana bua kavu hupasuka likipindwa. Anayetaka nyota bapa hulipasua kwa kisu kwa urefu, akalilaza chini ya pasi lifunguke kama utepe. Hapo mkono wa mtu mzima unahitajika, kwa ajili ya kisu na kwa ajili ya pasi. Vijiti vinne hupishanishwa katikati, vikashikwa kwa kidole gumba, na uzi mwekundu ukapita juu ya kimoja na chini ya kinachofuata mpaka vyote vitulie. Ncha hukatwa kwa mkasi, nyingine mshazari, nyingine kama mkia wa mbayuwayu. Nyota ya kwanza hutoka imelemaa. Ya tatu husimama. Wahenga walionya, usisafirie nyota ya mwenzio, na ingawa hawakuwa na mambo ya Krismasi akilini, mtoto mwenye kuona nyota yake imeegemea upande hupata faraja kujua kwamba angalau ni yake.

Mahindi nayo yana mchango. Maganda laini ya ndani, yale yaliyolala karibu na punje, yakiloweshwa hukunjika kama kitambaa: ganda moja huviringwa likawa kichwa, la pili likafungwa kiunoni likawa gauni, la tatu likawa mbawa, na malaika amekamilika bila gundi wala sindano. Ndevu za hindi humtosha kuwa nywele. Watoto wa Ulaya ya Kati hutengeneza wanasesere wa namna hii hii, kwa zao ambalo kwao pia ni mgeni, kwa sababu mahindi asili yake ni Meksiko. Huko huko ndiko ulikotoka ule mti wa saiprasi, na msonobari wa mashamba ya serikali, na lile ua lenye majani mekundu linalochanua kwenye vibaraza vya Kenya msimu wa Krismasi ukifika. Vitu vingi ambavyo mtu wa Eldoret huviona kuwa Krismasi ya Kizungu, Wazungu wenyewe waliviazima kutoka Meksiko.

Theluji ni habari nyingine. Mtoto wa hapa, mita 2,100 juu ya usawa wa bahari na kaskazini kidogo tu ya ikweta, anaijua mvua ya mawe, ile inayopasua majani ya mahindi na kumtia baba simanzi. Theluji ameiona kwenye kadi. Hata hivyo kila mwaka pamba ya dukani hunyofolewa na kuwekwa juu ya saiprasi vidonge vidonge, na kila mwaka huzuka mtu mzima wa kuikejeli. Kejeli hiyo imepitwa na jambo moja. Theluji haina kwao hapa, lakini pamba inayo. Rivatex, kiwanda cha nguo, ilianzishwa mjini humu katikati ya miaka ya 1970 ili isokote na kufuma pamba ya wakulima wa Kenya. Ikayumba, ikafungwa, hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipoinunua mwaka 2007 na kuihuisha. Ken-Knit nayo imewauzia akina mama wa Bonde zima la Ufa uzi wa kufumia sweta za shule. Huu ni mji wa nyuzi, na ukitafuta katika kikapu chochote cha ufumaji utapata mabaki yasiyotosha hata soksi. Mabaki hayo yakizungushwa mara mia kwenye vidole viwili, yakafungwa katikati na kukatwa pande zote, hutoa kishada cha mviringo ambacho hakivunjiki kikianguka na ambacho mtoto wa miaka mitano anakiweza peke yake.

Kuna pambo moja ambalo vitabu vya ufundi vya ng'ambo hulisifu sana na ambalo huku hupokewa kwa kusitasita: lile la unga na chumvi. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, kimoja cha maji yanayotiwa kidogo kidogo. Donge hukandwa, husukumwa kama chapati, likakatwa nyota na kengele kwa mdomo wa glasi na ncha ya kisu, likatobolewa tundu la uzi na kukaushwa. Jua kavu la Desemba ya Eldoret linaweza kazi hiyo kwa siku chache. Lakini unga? Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, serikali ililazimika kutoa ruzuku ili pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ishuke hadi shilingi 100 kutoka zaidi ya 200. Katika nchi ambako unga hupigiwa kura, kumpa mtoto vikombe viwili achezee, tena aulemeze kwa chumvi usilike hata na kuku, ni jambo ambalo nyanya hatalitazama akanyamaza. Na pengine nyanya ana haki. Wajanja humaliza ubishi kwa kutumia unga uliopitwa na tarehe au uliokwisha kuingiwa na wadudu, na wengine hushuka mtoni kutafuta udongo wa mfinyanzi, ambao haumuudhi mtu na haugharimu kitu ila kufua nguo.

Pakiti ya maziwa haina ubishi kama huo. Zile za maziwa ya kudumu zina tabaka la fedha upande wa ndani. Zikifunguliwa kwa mkasi, zikaoshwa kwa sabuni na kupanguswa, hutoa karatasi ing'aayo isiyochanika wala kulowa. Nyota inayokatwa humo hushika mwanga wa balbu moja ya sebuleni kama inavyoshika tufe ya Yiwu. Waliosoma shule za msingi miaka ya 1980 hukumbuka pambo lililokuja tayari: maziwa ya Nyayo, mpango ulioanzishwa mwaka 1979, yaliyogawiwa ndani ya pakiti za pembe tatu. Ukiipitishia uzi kwenye ncha, pakiti hiyo tupu ilikuwa tayari kuning'inia.

Ni kweli pia kwamba watu wa nchi hii hawakungoja wamishenari wawafundishe kusimika matawi kwa ajili ya siku kuu. Wakipsigis, jamii mojawapo ya Wakalenjin, walikuwa na mabwaita, madhabahu ya matawi yaliyopandwa nje ya nyumba upande wa mashariki, na familia ilikusanyika hapo kwa maombi na sherehe, harusi ikiwa mojawapo. Tena upo mtambaazi wa kijani uitwao sinendet, ambao Wakalenjin huwavisha washindi na waliotimiza jambo zito. Mwanariadha anayeteremka Uwanja wa Ndege wa Eldoret na medali yake huvishwa sinendet shingoni na kupewa kibuyu cha mursik, yaani maziwa ya mgando, kabla hajasema neno, na picha hiyo imechapishwa magazetini mara nyingi hata imekuwa sura ya mji. Shada la mlangoni ambalo Ulaya hulifuma kwa matawi ya kijani lina ndugu yake hapa, mzee na mwenye hadhi. Je, mtoto aruhusiwe kuuzungusha sinendet mlangoni Krismasi? Chanda chema huvikwa pete, na wazee wengi watasema sinendet huvishwa mtu, tena mtu aliyeufanyia kazi. Mlango haujashinda mbio zozote. Kwa jicho la nje huo ni ukaidi, ila una maana. Kuna mapambo ya kutengenezwa na yeyote, na kuna mapambo ya kungojewa, na mtoto anayejua tofauti ya mawili hayo amejifunza jambo kubwa kuliko kukata nyota. Kwa shada la mlangoni yapo matawi ya saiprasi, na koni za msonobari zilizolala chini katika msitu wa Kaptagat, huko huko anakofanyia mazoezi mwanariadha Eliud Kipchoge.

Eldoret ina Desemba moja ambayo haizungumzwi kirahisi. Mwaka 2007 Krismasi ilikuwa Jumanne na uchaguzi ukawa Alhamisi. Matokeo yalipotangazwa Jumapili tarehe 30 na ghasia kuzuka, mapambo yalikuwa bado ukutani, maana kwa desturi hayateremshwi kabla ya mwaka mpya. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji, lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao akina mama na watoto. Maelfu wakahamia mahema ya uwanja wa maonyesho. Mtu anayekimbia nyumba yake hubeba mtoto, blanketi, sufuria, kitambulisho. Mnyororo wa karatasi haubebwi. Kupamba ni kazi ya watu wanaotarajia kuwapo kesho yake, na labda ndiyo sababu wapo wazazi wa mji huu wanaowaacha watoto wapambe kupita kiasi, kuta zote, mlango, hata redio, bila kuwakemea.

Wakati huo huo, mapambo ya mkono ya Kenya yanasafiri kwenda mbali. Katika milima ya Kisii, mafundi wa Tabaka huchonga malaika, nyota na familia takatifu kutoka kwenye mawe laini ya eneo lao, wakayasugua kwa maji hadi yakang'aa, na mizigo hiyo huvuka bahari kwenda kutundikwa kwenye miti ya Ulaya na Marekani. Meli mbili, basi, zinapishana mahali fulani kwenye Bahari ya Hindi: moja inatoka Mombasa na kazi ya mkono, nyingine inaingia Mombasa na plastiki.

Atakayependekeza haya yote kwa mzazi wa leo ajiandae kwa mguno. Mtaala wa umilisi umewachosha wazazi. Mwaka mzima wametumwa kutafuta maboksi, vizibo vya soda, mbegu, manyoya ya kuku, na saa tatu usiku wamekimbilia saiba kuchapisha picha za wanyama wa porini. Sasa Desemba imefika, nao wanaambiwa watoe mkasi tena. Lakini tofauti ipo, na watoto huiona kabla ya wazazi. Malaika wa maganda ya mahindi hatapewa alama. Hakuna atakayeandika kama matarajio yamefikiwa au yamekaribia kufikiwa. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na katika meza hii mdogo asiyeruhusiwa kisu hukoroga gundi, hushika ncha ya uzi, huhesabu nyota, hugombana na dada yake kuhusu nani atatundika ya juu kabisa, na ugomvi huo huchukua muda mrefu kuliko kazi yote.

Ikifika wiki ya pili ya Januari, mwezi ambao Wakenya waliolemewa na karo huuita Njaanuari, kila kitu hurudi kilikotoka. Saiprasi iliyokauka huwaka vizuri jikoni, na mnyororo wa karatasi ndio huiwasha. Pakiti za maziwa ambazo hazikuguswa na mkasi hujazwa udongo na kupandwa miche, kazi ambayo pakiti hizo zimeifanya Kenya kwa miaka mingi. Nyota za mabua hupelekwa kwa ng'ombe, ambaye hana neno nazo. Uzi tu ndio hufunguliwa kwanza, kwa sababu ukinasa tumboni mwa ng'ombe wa maziwa ataitwa daktari wa mifugo, na hakuna mtu Uasin Gishu anayetaka kumlipa daktari wa mifugo mwezi wa Januari.